Kuni mara tatu kwa siku na alfajiri radieta za baridi: boila langu lina shida gani?

"Habari fundi. Tulinunua nyumba ya zamani ya mkulima huku Bayerischer Wald, Ujerumani, mita za mraba 160, na chini ina chumba cha ardhini. Tumekuta boila la kuni, lile la kugeuza kuni kuwa gesi, kilowati 30, lilifungwa 2009, sehemu ya kuwekea kuni ina ujazo wa lita 150, na kuna tanki la maji la lita 750. Boila la mafuta la zamani bado lipo pembeni na linawaka. Nikijaza kuni, nimepima kama kilo 45, baada ya masaa mawili maji yanafika nyuzi 90, feni inazima, kuni zinabaki zinafuka tu. Nikifungua mlango moshi unanirudia usoni. Ndani kule juu kumeganda lami nyeusi, na hata kwenye bomba linaloingia kwenye dohani nimeiona, inang'aa. Nachochea mara tatu kwa siku na bado saa kumi na moja alfajiri radieta, yale mabamba ya ukutani yanayopitisha maji ya moto kupasha vyumba, ni za baridi, wakati kipimo cha juu ya tanki jioni kilikuwa kinasoma vizuri tu. Mama yangu amekuja kutoka Makete, baridi anaijua, lakini asubuhi ananiuliza kama hii nyumba kweli ina moto. Jirani anasema nibane hewa usiku ili kuni zidumu, na nichanganye kuni mbichi kidogo. Fundi mmoja aliyepita akasema boila ni dogo, ninunue la kilowati 40. Mke wangu anataka tutoe vyote tuweke pampu ya joto, ile mashine ya umeme inayovuta joto la nje kuliingiza ndani. Maji tunatumia ya kisima chetu. Kuni ni za msitu wetu, sprusi (mti wa jamii ya msonobari) iliyoliwa na wadudu, tuliikata mwezi wa tatu, tukaipasua mwezi wa tisa. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, kwanza pole, na mpe pole sana mama. Mtu aliyezoea umande wa Makete ukiganda kwenye majani mwezi wa saba halafu analalamika baridi ndani ya nyumba, basi hiyo nyumba ni baridi kweli. Umeandika vizuri, umepima kuni, umetaja lita na kilowati, ndio maana naweza kukujibu kwa hesabu badala ya kukisia. Nafunga na kukarabati hita huku Ujerumani kwa miaka mingi sasa na kesi kama yako nimeikuta kwenye vyumba vya chini vingi tu, karibu zote zinafanana.

Kabla ya yote naomba usiwashe hilo boila tena mpaka mfagia dohani wa eneo lenu, yule Schornsteinfeger, aje aangalie. Tumia la mafuta kwa siku hizo chache. Lami inayong'aa kwenye bomba la moshi ni moshi wa kuni ulioganda bila kuungua, siku moja ukiwasha moto mkali wa kuni kavu inaweza kushika moto ndani ya dohani, na moto wa dohani ni moto wa nyumba nzima. Kwa hiyo usije ukasoma ushauri wangu wa hapa chini, ukapata hamasa, ukaenda kuwasha moto mkubwa leo usiku. Kwanza isafishwe.

Sasa tuje kwenye wasiwasi wako. Wewe unadhani boila halina nguvu, kwa sababu unalilisha sana na nyumba haipati joto. Mi nasema ni kinyume chake, boila lako lina nguvu kuliko pa kuzipeleka. Ukifuata ule ushauri wa kununua la kilowati 40 utakuwa umenunua tatizo hilohilo kwa ukubwa zaidi.

Nianze na jinsi linavyofanya kazi, maana jina la gesi linawachanganya watu, wengine wanaogopa wakidhani ni kama mtungi wa jikoni. Umewahi kuona tanuri la mkaa, yale ya kufukia kwa udongo. Kuni zinapata joto bila hewa ya kutosha, maji yanatoka kwanza, ndio ule moshi mweupe mzito wa siku za mwanzo, halafu kuni yenyewe inaanza kuvunjika na kutoa gesi na mvuke wa lami, na kinachobaki ni mkaa. Karibu asilimia 80 ya uzito wa kuni kavu inaondoka hivyo kama gesi na mvuke, na gesi hiyo inaungua vizuri kabisa ukiipa hewa na moto. Mchoma mkaa anaiachia yote ipotee hewani, ndio maana magogo mengi yanatoa magunia machache. Boila lako linafanya kazi ya tanuri na ya jiko kwa pamoja. Chumba cha juu ndio tanuri, kuni zinalala pale zinapata hewa kidogo tu, feni inavuta gesi kwenda CHINI, sio juu, inapita kwenye tundu la udongo mgumu wa kuhimili moto, pale inakutana na hewa nyingine iliyokwishapata moto, na inaungua kwenye chumba cha chini kwa joto la nyuzi elfu moja na zaidi. Ukichungulia kwenye mlango wa chini wa boila linalofanya kazi sawasawa unaona ulimi wa moto umepinduka, unashuka kwa nguvu kutoka kwenye tundu kama moto wa fundi wa kuchomelea, una rangi ya njano iliyokolea na pembeni ubluu, na unaunguruma. Juu ya nyumba kwenye dohani huoni moshi, unaona hewa inatetemeka tu.

Lakini yote hayo yanategemea joto. Lile tundu na matofali yake lazima yawe mekundu kwa moto ndio gesi iungue. Feni ikizima kuni haziambiwi kwamba feni imezima, zenyewe bado zina joto, zinaendelea kutoa gesi, ila hakuna hewa ya kuiunguza. Gesi hiyo inakwenda wapi? Inagonga kuta za chuma ambazo nyuma yake kuna maji, inapoa, inaganda lami. Nyingine inapanda dohani ikiwa mbichi. Kwa hiyo kile unachokiona kinafuka baada ya masaa mawili sio kuni "zinazodumu", ni kuni zako zinaondoka bila kuungua, na zinakuachia uchafu kwenye bomba. Ndio maana ushauri wa jirani wa kubana hewa usiku, ambao kwa jiko la chuma la bibi yake ulikuwa na maana yake, kwa boila hili ni sumu. Hili halijui kuwaka polepole. Linajua kuwaka kwa nguvu mpaka kuni ziishe, halafu linazima.

Basi kama linawaka kwa nguvu masaa matano halafu linazima, nyumba inapata joto na nini masaa 19 yaliyobaki? Hapo ndio linaingia tanki. Kwetu maji ya bomba yakitoka mara moja kwa siku hukai na kikombe unakinga kinachotosha kiu ya wakati huo, unajaza simtanki, yakikatika unaendelea kutumia mpaka kesho. Boila ndio hilo bomba, na tanki ndio simtanki. Tofauti yake ni kwamba bomba hili huwezi kulifunga katikati, ukishalifungua litatoa mpaka liishe, na simtanki lako likijaa kabla, yanamwagika.

Tufanye hesabu uone yanavyomwagika. Kilo moja ya kuni kavu, yaani yenye maji kama asilimia 20, ina nishati kama kilowati-saa 4. Kilo 45 ni 180. Boila zuri linakupa kama asilimia 85 mpaka 90 ya hizo ndani ya maji, tuseme 155. Boila la kilowati 30 linazitoa kwa masaa matano na kidogo. Nyumba ya zamani ya ukubwa wako, nje kukiwa nyuzi 0, nakadiria inakula kilowati 8, kwa hiyo katika hayo masaa matano nyumba inachukua 40. Zinabaki 115 zinatafuta pa kukaa. Sasa maji, kila lita 1,000 zikipanda nyuzi moja zinabeba kilowati-saa 1.16. Lita zako 750 ukizitoa nyuzi 40 mpaka 85 zinabeba 39. Umeona? Una 115 mkononi na chombo cha 39. Zile 76 hazina pa kwenda. Na ukiangalia masaa mawili yako uliyoyaandika yanalingana kabisa, boila limetoa 60, nyumba imekula 16, zilizobaki 44 zimeshalifikisha tanki nyuzi 90, feni ikazima, na nusu ya mzigo na zaidi imebaki juu inafuka. Ulipoandika hiyo sentensi ulikuwa umeshajipima ugonjwa mwenyewe.

Sheria ya huku yenyewe inajua hili. Kwa maboila ya maji yanayolishwa kuni kwa mkono yaliyofungwa kuanzia tarehe 22 mwezi wa tatu 2010, kanuni inasema lita 12 za tanki kwa kila lita moja ya chumba cha kuni, na kiwango cha chini kabisa ni lita 55 kwa kila kilowati. La kwako la 2009 lilipita kabla, ndio maana aliyelifunga aliweza kuweka lita 750 na asiulizwe. Lakini fizikia haikusubiri 2010. Kwa kipimo hicho lita 150 mara 12 ni 1,800, na ukipitia kilowati ni 1,650. Mi kwa nyumba yako ningependa zifike 2,000 na kidogo, kwa sababu ya hiyo hesabu ya 115.

Kuhusu kuyaingiza matanki ndani, hapa watu wanajikwaa. Utaona tangazo la tanki la lita 1,500 bei nzuri, ukifika nyumbani halipiti mlangoni. Nyumba za wakulima za huko zina milango myembamba na dari fupi chini. Matanki ya lita 800 mengi yakiwa hayajavishwa godoro la kuhifadhi joto yana upana wa karibu sentimita 79, yametengenezwa hivyo makusudi yapite mlango wa 80. Mawili ya hayo pamoja na lako la sasa inakuwa lita 2,350, na kwa nyuzi 40 mpaka 85 yanabeba kilowati-saa 123. Mzigo wako mmoja wote unaingia. Boila likishazima, nyumba inayokula 8 inaishi kwa tanki masaa 14 hivi, jumla masaa 19 kwa kuchochea mara moja! Baridi ikishuka nyuzi 12 chini ya sifuri nyumba itakula kama 13, utachochea mara mbili, asubuhi na jioni, sio usiku wa manane. Nunua matanki ya chuma cha kawaida, matupu bila koili ndani, hayo maji ni yaleyale yanayozunguka hayana hewa mpya hayashiki kutu, usilipie chuma cha pua bure. Pima na urefu wakati wa kulisimamisha, sio urefu wake tu, maana likiwa linainuka kwa kuinama linahitaji dari zaidi. Na angalia sakafu, kila moja likijaa lina zaidi ya kilo 800 kwenye sehemu ndogo.

Matanki yakiongezwa kuna kitu kimoja mafundi wenye haraka wanakisahau, nacho ni chombo cha kupokea maji yanayotanuka, lile pipa jekundu au jeupe lenye mpira ndani. Maji kutoka baridi mpaka nyuzi 95 yanaongezeka kama asilimia 4. Lita 2,350 ni zaidi ya lita 90 zinazotafuta nafasi, ongeza na ya kwenye mabomba na radieta. Ukibakiza kile kipipa cha lita 80 cha zamani valvu ya usalama itakuwa inatema maji kila ukiwasha na kesho yake presha iko chini, unaongeza maji, yanakuja na hewa, kutu inaanza. Kipimo kamili akitoe fundi lakini tegemea kitu cha lita 250 hivi au zaidi, usishtuke.

Sasa swali lako la alfajiri, kwamba jioni kipimo cha juu kilisoma vizuri na saa kumi na moja radieta za baridi. Sehemu ya jibu ni udogo wa tanki, sehemu ni kwamba hilo tanki linakorogwa. Maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu, ya baridi chini, na yakiachwa kwa utulivu mstari wa kuyatenganisha ni mwembamba sana. Jaribu hivi ukiruhusiwa kuwasha tena, toa godoro la tanki pembeni kidogo na upitishe kiganja taratibu kwenye chuma kutoka chini kwenda juu, gusa na kutoa, usishikilie. Tanki lenye afya utakuta baridi, baridi, baridi, halafu ndani ya upana wa mkono mmoja panakuwa moto wa kukufanya urudishe mkono. Kama kutoka chini mpaka juu ni uvuguvugu uleule, basi pampu zinasukuma kwa kasi mno na kuchanganya, na maji ya nyuzi 50 kote hayakufai kama maji ya nyuzi 85 juu na 30 chini, japokuwa joto lililomo ni karibu sawa. Mtu mwenye chai ya moto nusu chupa na maji ya baridi nusu chupa ana chai, akivichanganya hana tena.

Dawa yake ni pampu kupunguzwa kasi, na kati ya tanki na radieta kuwe na valvu ya kuchanganya yenye sensa ya nje, ipeleke kwenye radieta maji ya nyuzi zinazotakiwa siku hiyo tu. Nyumba nyingi nakuta maji ya 80 yanapelekwa moja kwa moja, nyumba inawaka saa mbili usiku watu wanafungua madirisha, alfajiri tanki tupu. Na hapa ndugu yangu kuna pesa imelala. Kama radieta zako zinahitaji maji ya nyuzi 70 ndio chumba kipate joto, basi kutoka 85 mpaka 70 una nyuzi 15 tu za kutumia. Ukibadilisha radieta mbili tatu zilizo ndogo kwenye vyumba vya baridi, ukaweza kuishi na maji ya 40 au 45 siku za kawaida, umepata nyuzi 40 na zaidi kutoka kwenye maji yaleyale. Tanki linakuwa karibu mara tatu bila kununua hata lita moja. Mi mtu akiwa na hela kidogo namwambia aanze na valvu ya kuchanganya na radieta mbaya zaidi, halafu tanki la pili, halafu la tatu mwaka unaofuata.

Upande wa boila nako kuna valvu muhimu, ile inayohakikisha maji yanayorudi kwenye boila hayako chini ya nyuzi 60. Maji baridi yakiingia moja kwa moja ukuta wa chuma unapoa, mvuke wa moshi unaganda juu yake, unakuwa tindikali, na chuma kinaliwa kutoka ndani taratibu. La 2009 ambalo limeishi bila hiyo valvu linaweza kuwa limeshatoboka mahali. Fundi akija mwambie aikague hiyo kabla hujatumia senti kwenye matanki, maana itakuwa uchungu kununua matanki mawili kwa ajili ya boila linalovuja mwaka ujao.

Nikurekebishe kitu kimoja ili usiogope bila sababu. Chumba cha juu kuwa cheusi na kuwa na lami sio ugonjwa wenyewe, kila boila la aina hii lina weusi pale juu, ndio tanuri. Angalia chini, chumba cha moto na njia za moshi zinazofuata, pale panatakiwa pawe na majivu mepesi ya kijivu yanayopeperuka ukipuliza. Ukikuta masizi meusi ya kunata au mng'aro, kuni ni mbichi au moto unazimwa katikati. Kwako ni vyote viwili.

Maana kuni zako, nisamehe, hazijakauka. Sprusi ni kuni nzuri kabisa, watu wanaidharau kwa sababu ni nyepesi lakini kilo kwa kilo haipitwi na mti mgumu, unajaza tu mara nyingi zaidi kwa ujazo. Na ina sifa ya kukauka haraka, ikipasuliwa mapema na kupangwa kwenye upepo na jua inaweza kuwa tayari kwa kiangazi kimoja kizuri. Shida yako ni kwamba uliipasua mwezi wa tisa. Gogo zima lililovaa magamba halikauki, limevaa koti la mvua, kiangazi chote kimepita bure. Mti ukikatwa mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na kila kilo ya maji hayo inakula karibu kilowati-saa 0.7 kupashwa mpaka kuwa mvuke, ila hasara kubwa zaidi ni kwamba mvuke huo unapoza lile tundu, na tundu likipoa gesi haiungui. Kwa hiyo kuchanganya kuni mbichi "ili zidumu" ndio kutengeneza lami makusudi. Sheria ya huku nayo inataka unyevu usizidi asilimia 25 ukipima kwa uzito mkavu, ambayo ni sawa na maji asilimia 20 ya kipande chote.

Nunua kipima unyevu, ni kidude kidogo cha sindano mbili, bei ndogo. Lakini usichome sindano kwenye ncha ya kuni iliyokaa nje ya rundo, itakudanganya ni kavu. Chukua kipande cha katikati ya rundo, kilaze ndani ya nyumba siku nzima kipate joto la chumba, kipasue katikati kwa shoka, na uchome sindano hapohapo kwenye uso mpya, kwa kufuata mistari ya mti. Vipande vitatu vinne tofauti. Vikisoma zaidi ya 25 hiyo kuni ni ya mwaka kesho, uipange vizuri chini ya paa pembeni wazi, na mwaka huu ununue kavu za kumalizia baridi. Najua kununua kuni wakati una msitu inauma.

Mpaka matanki yaje, na dohani ikishasafishwa, unaweza kuishi na tanki la 750 bila kuharibu kitu, ila usijaze. Kilo moja ya kuni kavu inapandisha lita 300 kwa nyuzi 10. Tanki likiwa 40 juu mpaka chini na nje ni sifuri, weka kilo 15 mpaka 16 tu, ziungue zote kwa moto kamili, basi. Utachochea mara nyingi ndio, mpaka usiku utachoka, lakini kila kuni unayoweka itaingia kwenye nyumba. Nawashauri wateja wangu waning'inize karatasi ukutani yenye joto la tanki upande mmoja na kilo za kuni upande wa pili, baada ya wiki mbili mtu anajua kwa macho.

Mlango. Moshi kukurudia usoni ni kwa sababu unafungua kuni zikiwa zimejaa gesi. Siku za mwanzo nikiwa bado najifunza kazi niliona mteja anafungua mlango wa juu kwa mkupuo katikati ya mzigo ambao feni yake ilikuwa imezima, hewa ikaingia ghafla, gesi ikashika kwa mpigo mmoja, nyusi na nywele za mbele zikaondoka na mlango ukamgonga begani. Alipona, lakini nimeshika adabu ya ule mlango tangu siku hiyo. Usifungue kuni zikiwa bado zinafuka. Zikishakuwa makaa, fungua kwanza kilango cha moshi cha kwenda dohani moja kwa moja, subiri, acha mlango wazi kwa upana wa vidole viwili, subiri tena nusu dakika, halafu fungua ukiwa umesimama pembeni. Na weka king'ora cha kaboni monoksaidi kwenye chumba cha boila na kingine kwenye korido ya vyumba vya kulala, leo, kabla ya kitu kingine chochote. Ni gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani, haina harufu. Mama yako analala humo.

Kingine cha kumuuliza fundi, kwa sababu umetaja kisima. Boila la kuni lazima liwe na valvu ya kuliokoa likizidi joto, maji yakifika kama nyuzi 95 inafunguka na kupitisha maji baridi kwenye koili yalipoze. Yale maji baridi yanatoka wapi kwako? Kisimani, kwa pampu ya umeme. Umeme ukikatika na theluji siku boila limejaa kuni, feni inasimama, pampu ya kuzungusha inasimama, na ile valvu inafunguka haina maji. Hii inatakiwa itatuliwe na mtu aliyesimama hapo chini anaona mabomba, labda tanki dogo la maji lililo juu linaloshuka lenyewe, labda vifaa vya kuchajia tanki vyenye kilango kinachofunguka pampu ikisimama ili maji yazunguke yenyewe kwa joto. Usijaribu mwenyewe, na fundi atakayekujibu "hiyo haijawahi kutokea" tafuta mwingine.

Na mke wako. Wazo lake la pampu ya joto si baya hata kidogo, na usilipuuze kwa sababu tu msitu ni wenu. Nyumba kama yenu inaweza kula kilowati-saa 25,000 kwa mwaka, hiyo ni kama mita 20 za ujazo za sprusi iliyopangwa, kila mwaka, kukata, kupasua, kupanga, kubeba mpaka chini, na kwa sababu zinakauka mpaka mwaka wa pili lazima uwe na za miaka miwili uani. Kama wewe una mgongo mzima, unapenda hiyo kazi na uko nyumbani jioni, kuni zenu ni utajiri. Kama unasafiri kikazi na yeye ndio anabaki kubeba, basi mjadala ni wa kwenu wawili, sio wa kwangu. Ninachoweza kukuambia kiufundi ni kwamba zile radieta kubwa na maji ya nyuzi 45 ndio kitu hichohicho pampu ya joto inachokihitaji ili isile umeme mwingi. Kwa hiyo anzeni na hilo, halipotei mkiamua vyovyote vile. Wapo wanaoweka vyote, pampu ya joto ndogo ya miezi ya baridi nyepesi na kuni za miezi migumu, na miezi hiyo ya baridi nyepesi boila la kuni linasumbua kweli maana nyumba inakula kidogo. Kama kuna ruzuku mnafikiria, muulizeni mshauri wa nishati kabla hamjasaini mkataba wowote, mkishaanza kazi mara nyingi mmechelewa.

La kilowati 40 achana nalo kabisa.

Kesho asubuhi mpigie mfagia dohani, mwambie neno lami inayong'aa, atakuja haraka. Akiwa hapo muulize pia vipimo vya moshi vya boila lako, maana kila miaka miwili anatakiwa kulipima, na kwa maboila yaliyofungwa kati ya 2005 na Machi 2010 muda wa kufikia viwango vipya uliisha mwanzoni mwa 2025. Kama limefaulu, karatasi ipo, na hapo ndio matanki yana maana kununuliwa. Kama halijafaulu, nitumie namba zilizoandikwa pamoja na unyevu wa kuni ulizopasua, na upana wa mlango wa chini, tuanze hesabu upya.